Kuwarudisha wanyama wadogo msituni: maswali ninayoulizwa Muheza, Lushoto na Pangani

Mimi ni mwanaekolojia, mzaliwa wa Muheza. Nilisomea wanyamapori Morogoro, kisha nikafanya kazi Australia miaka miwili, kwenye hifadhi moja ya jangwani iliyozungushiwa uzio, ambako wanyama wadogo waliokuwa wametoweka eneo lile walikuwa wakirudishwa. Sasa niko nyumbani, nafuatilia wanyama wasiozidi kilo tatu au nne katika misitu ya Usambara Mashariki na ile ya pwani inayoshuka kuelekea Pangani na Saadani. Maswali haya nimeulizwa kwenye daladala, kwenye mikutano ya vijiji, madarasani na jikoni kwa mama yangu. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake.

Kwa hiyo unafuga panya?

Hapana. Natafuta kujua ni mnyama mdogo gani bado yuko katika msitu fulani, wako wangapi, wanakula nini, wanalala wapi na nani anawamaliza. Pale ambapo mnyama ametoweka, nauliza kama inawezekana kumrudisha: kuwachukua wachache kutoka mahali walikobaki, au waliozaliwa kwenye uangalizi, na kuwaachia pale walipokuwa zamani. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Siku ya kufungua boksi mnyama akatoka ni fupi sana. Miaka inayotangulia siku hiyo ndiyo mirefu.

Ni wanyama gani hao wa kwetu? Sisi tunawajua tembo na simba.

Nianze na sange, ambaye wengine humwita njule. Ana pua ndefu inayochezacheza, miguu ya nyuma mirefu kama ya sungura, na huku kwetu rangi yake ni nyekundu ya kutu mbele na nyeusi nyuma. Anachakura majani makavu akitafuta wadudu mchana kutwa. Watu humwita panya, lakini si panya hata kidogo. Kwa ukoo yuko karibu zaidi na tembo na perere kuliko na panya yeyote. Hata sasa familia yake haijajulikana yote: sange mkubwa kuliko wote, mwenye uso wa kijivu, alitangazwa rasmi kwa sayansi mwaka 2008 tu, baada ya kunaswa na kamera katika milima ya Udzungwa.

Kuna perere, yule anayelia usiku juu ya miti kama mtu anayekabwa. Watoto wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wamelala na sauti hiyo tangu kuzaliwa, wageni huamka wakidhani kuna maafa.

Halafu yupo komba wa Rondo, ambaye kwangu ndiye wa kuhangaikiwa kuliko wote. Ana gramu kama 60 tu, uzito wa yai la kuku, na mkia wake umefumuka kama brashi ya kusafishia chupa. Anaishi Tanzania peke yake, katika vipande vichache vya msitu wa pwani. Kimojawapo ni Zaraninge, upande wa Bagamoyo, ndani ya Hifadhi ya Taifa Saadani. Zaidi ya mara moja ameorodheshwa miongoni mwa jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini zaidi duniani. Nimekutana na watu wazima waliozaliwa kilomita chache kutoka Zaraninge ambao hawajawahi kumsikia. Siwalaumu, hakuna aliyewaambia.

Wapo na virukanjia wa milimani, wala wadudu wadogo wenye pua iliyochongoka, ambao huwapati nje ya safu ya milima ya Tao la Mashariki. Hao nitawagusia kwenye swali la mitego.

Mpaka sasa umerudisha wangapi hapa Tanga?

Sijarudisha hata mmoja. Naona nyuso zinavyoshuka nikijibu hivyo, hasa kwa wanafunzi, kwa hiyo niruhusuni nieleze.

Ukitaka kumrudisha mnyama, swali la kwanza ni hili: kilichommaliza kimeondoka? Kama hakijaondoka, unachofanya ni kuwapelekea wanyama kifo kwa gharama kubwa. Mwongozo wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, wa mwaka 2013 kuhusu kuhamisha wanyama kwa ajili ya uhifadhi unaliweka jambo hili mbele kabisa, nami ningelikuta hata bila mwongozo, kwa kutembea tu.

Chukua kipande kimoja cha msitu wa pwani, nisikitaje jina. Ukubwa unatosha, majani yameanguka ya kutosha, wadudu wapo. Zamani sange walikuwepo, wazee wanakubaliana juu ya hilo. Nikaingia na kamera kwa msimu mzima na sikumpata hata mmoja. Nilichokipata ni mbwa, usiku na mchana, wakiwa na watu na wakiwa peke yao. Nikapata mitego ya waya kwenye njia za wanyama, na matanuri ya mkaa matatu, moja likiwa bado la moto. Sasa hapo nilete sange kumi kutoka Amani niwaachie? Wangeisha kabla ya masika kuja. Na wale kumi ningekuwa nimewapunguza Amani.

Huko juu milimani sababu ni nyingine. Msitu umekatika vipandevipande, na kati ya kipande na kipande kuna chai, migomba na nyumba. Mnyama mdogo anayeogopa uwazi havuki mita mia mbili za shamba la chai. Iliki nayo hulimwa chini ya kivuli cha miti mikubwa, hivyo ukiangalia kwa mbali unaona msitu, ukiingia ndani unakuta chini pamefyekwa pote. Sange haishi kwenye kivuli. Anaishi kwenye majani yaliyoanguka na vichaka vinavyomficha. Eneo la Derema lilipotengwa ili kuunganisha misitu ya Usambara Mashariki, wakulima wa iliki waliondolewa kwa fidia, na manung'uniko ya fidia ile bado unayasikia leo ukikaa na watu. Atakayekuja kuzungumzia kurudisha wanyama akajifanya hayo hayakutokea, hatasikilizwa, na wala hastahili kusikilizwa.

Kwa hiyo kazi yangu ya sasa ni hatua za kabla. Naifanya kwa moyo wote, na sioni kuwa ni kazi ndogo.

Huko Australia walifanyaje?

Australia imepoteza zaidi ya aina 30 za wanyama wanyonyeshao tangu wazungu walipofika mwaka 1788, na wengi wao walikuwa wa ukubwa wa kati ya panya na sungura mkubwa. Waliowamaliza zaidi ni paka wa kuletwa na mbweha wa kuletwa. Wanyama wa kule hawakuwahi kuishi na wawindaji wa namna hiyo. Mnyama anamwona paka akija na anabaki amesimama anamtazama. Nimeliona jambo hilo kwenye picha za kamera na liliniuma.

Basi wakajenga uzio. Mfano unaojulikana ni Arid Recovery, karibu na mji wa Roxby Downs, iliyoanza mwaka 1997 na sasa ina kilomita za mraba 123. Uzio una urefu wa mita 1.8, chini umetandazwa wavu ili mbweha asichimbe, na juu umeachwa umelegea, umekunjwa kwa nje, ili paka akipanda upinde naye aanguke. Katika karibu nusu ya eneo hilo waliwaondoa paka, mbweha na sungura wote. Ndipo wakarudisha wanyama wanne: bilby mwenye masikio marefu, bandikuti, mnyama mdogo wa mfuko mwenye pua ndefu, panya anayejenga kiota kikubwa cha vijiti, na betongi, ambaye ni kama kangaruu mdogo anayeishi kwenye mashimo. Baadhi ya hawa walikuwa wamebaki visiwani tu.

Walivyoendelea baada ya hapo ndiko kulikonifundisha zaidi. Walimjaribu pia namubati, mla mchwa mwenye mistari mgongoni, lakini hakudumu. Uzio humzuia paka, haumzuii ndege mwindaji. Betongi nao walianza wakiwa 30 tu, wakazaana hadi wakapita elfu moja, wakaanza kumaliza mimea ambayo wenzao waliitegemea. Ikabidi iwekwe milango ya kutokea nje bila kurudi. Yaani hata ukifaulu kuna kazi mpya inakungoja, na bajeti nyingi hazina fungu la kazi hiyo.

Je, tujenge uzio kama ule Usambara? Maoni yangu ni hapana. Miti ikianguka kwenye uzio kila masika, utakuwa na mafundi kila wiki. Tena adui wa huku hakutoka nje kama mbweha wa Australia. Huku adui ni waya, mbwa, moto na shoka, na hao wote wana mwenyewe ambaye unaweza kwenda kuongea naye. Kwangu hilo ni tumaini kubwa kuliko uzio.

Tanzania tumewahi kumrudisha mnyama yeyote aliyetoweka?

Ndiyo, tena kwa namna iliyoishangaza dunia, ingawa si mnyama mwenye manyoya. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996 akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi na si penginepo duniani. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000, maji mengi yakaelekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua. Vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Huku nyuma yakafungwa mabomba ya kunyunyiza, lakini mwaka 2003 vyura wa korongoni wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu ukawa mmoja wa washukiwa wakuu. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Kwa wenye manyoya, paa nunga wa Unguja walihamishiwa kisiwa cha Chumbe mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kuwa kule hakuna mbwa wala wawindaji. Kisiwa ni uzio wa Mungu. Ila ni kidogo, na kundi dogo huzaana lenyewe kwa lenyewe, kwa hiyo damu inahitaji kufuatiliwa.

Tauni ilitumaliza Lushoto, leo mnataka kutuletea panya zaidi?

Niliulizwa hivi na mama mmoja Lushoto aliyesimama mbele ya mkutano mzima, na hakuwa anatania. Swali hili nalipa heshima yote. Kuanzia mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka 20, tauni ilirudi tena na tena katika vijiji vya Lushoto na ikaua watu wengi. Kuna familia ambazo kila mwaka zilifunga ndoa na kuzika kwa hofu. Mtaalamu anayewajibu watu hao kwa kicheko hafai.

Jibu langu ni hili. Tauni hubebwa na viroboto. Panya anapokufa kwa tauni, kiroboto wake hutafuta mwenyeji mwingine, na aliye karibu ni mtu aliyelala kwenye mkeka. Ndiyo maana ukiwaua panya wa nyumbani ghafla bila kwanza kuwashughulikia viroboto, unaweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza. Panya wa kuogopwa zaidi ni wale wanaoshamiri mashambani na kwenye maghala yetu, wanaozaana kwa kasi mavuno yakiwa mengi. Sange hayumo, perere hayumo, komba hayumo. Hao hukimbia pale panya shamba anapostawi.

Na sisi wenyewe tunajilinda. Tunavaa glavu, mikono mirefu na barakoa, viroboto tunaowapata tunawachana kwa brashi na kuwatia kwenye spiriti. Hakuna mnyama anayehamishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila karantini na vipimo. Mama yule aliniuliza tena: «Na ikitokea ukakosea?» Nilimwambia kwamba kwa sababu hiyo, panya wa aina yoyote sitamhamisha katika milima ya Lushoto, hata nikipewa fedha. Msimamo huo sijaubadilisha.

Mnawakamataje bila kuwaumiza?

Panya na wanaofanana nao huingia kwenye boksi la bati jepesi lenye mlango unaojifunga. Chambo ni karanga zilizosagwa, zikachanganywa na pumba na dagaa kidogo. Virukanjia hawavutwi sana na karanga, kwa hiyo tunafukia ndoo mpaka mdomo ulingane na ardhi, na ukuta mfupi wa nailoni unawaelekeza hapo. Ndoo lazima itobolewe chini, mvua ikinyesha wasizame. Kirukanjia anahitaji kula kila baada ya saa chache, akikaa usiku mzima ndani ya ndoo atakufa kwa njaa. Kwa hiyo tunaamka. Saa nne usiku, saa nane, na alfajiri kabla jua halijapanda.

Sange hanasi kwa boksi, tunamfuatilia kwa kamera na kwa kuhesabu viota. Komba wa Rondo tunamtambua kwa mlio, kwa sababu komba wadogo wanafanana machoni lakini kila aina ina wito wake. Kumvalisha kola ya redio kunahitaji uangalifu mkubwa: kanuni ya kawaida ni kwamba kola isizidi asilimia 5 ya uzito wa mnyama, na kwa mwenye gramu 60 hizo ni gramu 3, pamoja na betri.

Naomba niseme na hili. Mwaka wangu wa kwanza baada ya kurudi nyumbani, wakati wa vuli, niliweka mstari wa mitego bila kukagua vizuri chini ya magogo. Usiku siafu walipita. Alfajiri nilifungua mitego mitatu nikakuta mifupa na manyoya. Wanyama wale walikufa polepole, ndani ya boksi nililoliweka kwa mikono yangu, na sikupata usingizi siku kadhaa. Tangu siku hiyo mstari unatembelewa mara mbili kabla ya mtego wa kwanza kuwekwa. Siafu wakionekana popote, mitego yote ya mstari huo inafungwa, hata kama ni saa nane usiku na mvua inanyesha. Vijana ninaowafundisha huona nimezidisha ukali. Sawa.

Babu zetu walikula sange. Mnataka kutufunga?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, na kuwinda bila kibali ni kosa. Ila mimi si askari, na sikuwahi kupata taarifa nzuri kwa kumtisha mtu.

Mwalimu wangu mkubwa kuhusu sange ni mzee mmoja wa kijiji cha jirani na Amani aliyewatega ujana wake wote. Mara ya kwanza nilimkuta kibarazani.

«Shikamoo babu.»

«Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unamtafuta sange kwa mashine.»

«Kwa kamera, babu.»

«Kamera yako inaamka saa ngapi?»

Akanipeleka mwenyewe. Alinionyesha kwamba kiota cha sange si shimo, ni kilima kidogo cha majani ambacho ukipita haraka hukioni. Akanieleza kuwa hukijenga alfajiri, majani yakiwa bado na umande, kwa sababu majani yaliyolowa hayapigi kelele na adui hasikii. Jambo hilo watafiti wa sange wa pwani ya Kenya waliliandika pia baada ya kukaa nao porini muda mrefu. Akaongeza kwamba sange ana viota vingi na halali kimoja siku nyingi mfululizo, kwa hiyo nikihesabu viota nikadhani nimehesabu sange nitakuwa nimejidanganya. Nilikuwa tayari nimekwisha kujidanganya, kwa daftari zima.

Nilimuuliza kwa nini aliacha kutega. Akasema waliisha.

Kwa nini msiwazalishe kwenye bustani za wanyama, halafu muwaachie?

Inawezekana. Sange wetu hawa weusi na wekundu wanafugwa na kuzaa kwenye bustani za Marekani, ikiwemo ya Philadelphia. Wakati mwingine ndiyo njia pekee iliyobaki: cheche wa Marekani mwenye miguu myeusi alibaki na wanyama 18 tu, wote wakakamatwa kufikia 1987, na kuanzia 1991 watoto wao wakaanza kuachiwa Wyoming. Lakini aliyezaliwa kwenye kizimba hamjui tai wala nyoka, hajui kutafuta mchwa, na anaweza kubeba magonjwa ya kizimbani hadi msituni. Ukiwa bado nao porini, kuwalinda walipo ni rahisi kuliko kuanza upya.

Nisome nini niifanye kazi hii?

Kidato cha tano chukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Baada ya hapo kuna shahada za wanyamapori SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha wanyamapori cha Mweka. Jifunze takwimu kwa dhati, usizikimbie, maana nusu ya kazi ni kuuliza kama ulichokiona ni kweli au ni bahati. Jifunze pia kukaa na watu. Utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, misitu ya asilia kama Amani iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu, na Saadani ni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo utaandika barua nyingi na kusubiri. Usianze kazi ya msituni kabla kibali hakijatoka, hata kama msimu unapita.

Inalipa?

Kwa mkataba, na mikataba huisha. Kuna miezi niliyoishi kwa kufundisha tuisheni. Sitakudanganya.

Mwanamke unalalaje msituni?

Kwenye hema, na wenzangu, na mwenyeji wa kijiji anayejulikana kwa watu. Mama yangu aliacha kuuliza alipokuja kambini mara moja akamwona komba.

Nimemwona sange karibu na shamba langu. Nifanye nini?

Usimkimbize, na mfunge mbwa siku hiyo. Andika tarehe, saa na mahali, hata kwa kutaja mti au kijito. Ukiweza piga picha hata ya mbali, hata ikiwa na ukungu, ule mgongo mweusi unatosha. Angalia kama alikuwa peke yake, kwa sababu huishi wawili wawili na mwenzake huwa hayuko mbali. Peleka taarifa kwa afisa misitu au ofisi ya kijiji, na uwaambie iandikwe. Kama unajiandaa kuchoma shamba, anza kwa kupita pembezoni taratibu asubuhi ukitazama vilima vya majani vya ukubwa wa ungo mdogo. Ukikuta kimoja, acha hatua kumi na tano kila upande bila kuchoma, na usikifunue kuangalia ndani. Mara nyingi kuna mtoto mmoja tu.